Kuchuja Mahudhurio: Asilimia Tisini Inamficha Nani?

Tuchukue madarasa mawili katika shule moja ya msingi ya Kariakoo, Dar es Salaam. Kila darasa lina wanafunzi 60, na mwezi una siku 20 za masomo. Mwisho wa mwezi yote mawili yanapeleka kwa mwalimu mkuu mahudhurio ya asilimia 90. Katika darasa la kwanza kila mtoto amekosa siku mbili: huyu homa, yule msiba, mwingine mvua ilimzuia. Katika la pili watoto 48 hawakukosa hata siku moja, na 12 wamekosa siku 10 kila mmoja. Siku zilizopotea ni 120 huku na 120 kule. Taarifa inayopanda kwa afisa elimu kata haioni tofauti yoyote, na programu ya kompyuta ikiulizwa wastani haitaiona pia, hata iwe ya bei gani.

Kuchuja, yaani kuiamuru programu ionyeshe rekodi fulani na kuficha nyingine, huonekana ni kazi ya mtu wa TEHAMA. Unabofya alama ya faneli juu ya safu, unachagua darasa, tarehe na hali ya mwanafunzi, orodha inajitokeza. Lakini kila kichujio ni swali, na kila swali lina mwenyewe. Anayetoa ruzuku anauliza lake. Mradi wa kusaidia kaya maskini unauliza lake. Halmashauri nayo inataka namba moja ya kubandika ukutani. Mwalimu wa darasa, ambaye ndiye anayejaza hizo alama zote, mara nyingi hana hata kichujio kimoja kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Hali hiyo ina historia. Kwa miaka mingi takwimu za shule za Tanzania zilikusanywa kwa fomu, maarufu zikiwa za TSM kwa shule za msingi, ambazo mwalimu mkuu alizijaza mara moja kwa mwaka. Zilipitia halmashauri na mkoa hadi Wizara ya Elimu, iliyokuwa Mtaa wa Magogoni, Posta, kabla Serikali haijahamia Dodoma. Huko zilizaa kitabu cha takwimu za elimu ya msingi kinachofahamika kwa kifupi cha BEST. Ni kitabu cha maana, na watafiti wengi wamekitegemea. Ila fomu ya mara moja kwa mwaka huhesabu walioandikishwa. Nani alikuwa darasani Jumanne iliyopita, hilo halimo.

Kisha zikaja fedha. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 Serikali ikawa inapeleka ruzuku moja kwa moja shuleni, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Kichwa kikawa pesa. Haukupita mwaka, uhakiki ulioagizwa nchi nzima ukafichua zaidi ya majina 65,000 ya wanafunzi hewa. Ni watoto waliokuwa na jina, darasa na ruzuku, lakini hawakuwa na dawati.

Mifumo tuliyo nayo leo ina alama za kashfa hiyo. PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kusajili wanafunzi, humpa mtoto namba yake na kumfuata akihama shule. SIS, mfumo wa taarifa za shule ulio chini ya TAMISEMI, ulianzia kwenye vishikwambi vilivyogawiwa katika mikoa ya mpango wa EQUIP-T uliofadhiliwa na Uingereza, na huo uligusa mahudhurio yenyewe, ya wanafunzi hata ya walimu. Baada ya Sensa ya 23 Agosti 2022, Serikali iligawa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu na watumishi wengine wa elimu, vikiwemo vile vya makarani wa sensa. Kwa hiyo kifaa si kisingizio tena. Swali ambalo mifumo hii ilijengwa kulijibu kwanza, hata hivyo, ni kama mtoto yupo duniani. Kama amekuja leo, hilo lilifuata baadaye.

Kenya imepita njia hiyo hiyo na kujikwaa mahali pengine. Mfumo wa NEMIS, ulioanza mwaka 2017, ulifungamanisha ruzuku na namba ya mwanafunzi, na namba ikadai cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti alikaa darasani, akajibu maswali, akafagia uwanja, lakini kwenye kompyuta hakuwepo. Mwalimu akichuja watoro, huyo hatokei. Akichuja waliohudhuria, hatokei pia. Ni mwanafunzi hewa kwa upande wa pili: mwili upo, rekodi haipo.

Tuje kwenye mambo ya kila siku, maana huko ndiko vichujio vinakovunjikia.

La kwanza ni majina. Katika shule yoyote ya Kariakoo kuna Ally Juma na kuna Juma Ally, na huyo Ally ameandikwa Ali kwenye cheti cha kuzaliwa na Alli kwenye orodha ya mtihani. Mohamed ana tahajia zisizohesabika. Zainab na Zainabu hugombea mstari mmoja. Kompyuta haina akili ya mwalimu ya kujua kwamba hao ni mtu mmoja. Siku 11 za mtoto zikiandikwa chini ya jina moja na siku tisa chini ya jingine, anayetafuta waliohudhuria chini ya asilimia 60 atapata watoro wawili, kumbe mtoto ni mmoja na hajakosa hata siku. Ndiyo maana mtu aliyewahi kushika orodha ndefu hachuji kwa jina. Anachuja kwa namba ya usajili, jina analiacha likae pembeni kwa ajili ya kumsomea mzazi kwenye simu.

La pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani, ni kisanduku kitupu. Katika rejesta ya karatasi, siku ambayo mwalimu hakuita majina huacha safu nyeupe, na mkaguzi akifunua ukurasa anaiona papo hapo. Programu haikubaliani na weupe. Nyingine huhesabu kisanduku kitupu kuwa mtoto hakuja. Nyingine, kwa nia ya kumpunguzia kazi mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100, huanza kwa kuliwekea darasa zima alama ya kuwepo, halafu mwalimu anawaondoa wasiokuja. Akisahau, au bando likikata kabla hajafika mwisho wa orodha, darasa zima limehudhuria. Ukichuja watoro wa siku hiyo unapata orodha tupu, na mwalimu mkuu anafurahi.

Dawa yake inajulikana, ingawa ni shule chache zinazoitumia: kabla ya kutafuta wanafunzi wasiofika, tafuta madarasa ambayo rejesta haijajazwa. Kichujio cha kwanza cha asubuhi kinapaswa kuwahusu walimu. Cha pili kinaangalia muda wa kuingiza taarifa. Programu nyingi huhifadhi saa ambayo alama iliwekwa, na rejesta ya Jumatatu hadi Ijumaa iliyojazwa yote Ijumaa alasiri, ndani ya dakika nne, inajieleza yenyewe. Hapa mtu anaweza kuona ni kumvizia mwalimu, na kwa kweli chombo hiki kikishikwa na mkubwa mkali kinageuka fimbo. Lakini bila kutenganisha aliyekuja, asiyekuja na asiyejulikana, takwimu zote zinazofuata ni za kukisia.

La tatu ni siku zenyewe. Mwaka wa masomo wa Tanzania huwa na siku 194, na asilimia ya mahudhurio ni siku alizokuja mtoto kugawanywa kwa siku ambazo shule ilikuwa wazi. Hiyo namba ya chini hupewa heshima ndogo kuliko inavyostahili. Kalenda huingizwa kwenye mfumo Januari. Idd el Fitri husubiri mwezi uandame. Ikitangazwa usiku kwamba kesho ni sikukuu, na hakuna aliyekumbuka kuifuta siku hiyo kwenye kalenda ya programu, shule nzima itakuwa imetoroka. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona na za msingi zikarudi Juni 29. Anayetaka kulinganisha mahudhurio ya 2019, 2020 na 2021 bila kuitoa miezi hiyo kwenye hesabu atagundua janga la utoro ambalo halikutokea. Na mtoto aliyehamia shuleni Septemba ahesabiwe kuanzia Septemba. Kosa hili ni la kitoto, na limejaa kwenye majedwali ya Excel ya shule zetu.

Kuna jambo dogo la kimantiki linalowatesa wengi. Mwalimu mkuu humwambia karani, "Nitolee wagonjwa na watoro wa wiki hii." Karani anaiambia programu vilevile: hali iwe mgonjwa, na hali iwe mtoro. Orodha inarudi tupu. Mashine imetii neno kwa neno, ikamtafuta mtoto ambaye kwa siku ile ile ni mgonjwa tena mtoro. Kilichotakiwa ni "au". Ukitaka wasichana wa Darasa la Sita ambao ni watoro, hapo "na" iko mahali pake. Nusu ya malalamiko kwamba mfumo umepoteza data huishia hapo, na fundi hutoza hela yake kwa kubofya kitufe kimoja.

Shule za Posta na Kariakoo zina tabu zao zinazofanya kichujio kilichotengenezwa Dodoma, au nje ya nchi, kiwe na upofu. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimevunjwa miaka hii yote na maghorofa ya biashara yakasimama mahali pake. Familia zimesogea Chanika, Kivule, Mbagala na Kimara, lakini watoto wengi wamebaki na shule za mjini, ama kwa sababu mama ana biashara Mtaa wa Kongo, ama kwa sababu shule ya huko pembezoni imejaa. Mtoto huyo hupanda daladala mbili kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200 kila moja, na kila mkazi wa jiji hili anajua kondakta anavyoitazama sare. Gari linasimama, watu wazima wanapanda, wanafunzi wanaambiwa wasubiri linalofuata.

Mtoto wa namna hiyo anafika saa mbili na nusu. Rejesta imeshaitwa. Je, hakuja, au amechelewa? Programu isiyo na alama ya kuchelewa inamfanya mtoro. Yenye alama hiyo inamhesabu kuwa amekuja, na saa nzima ya hesabu aliyoikosa inafutika. Shule inayotaka kujua ukweli inahitaji kuchuja kuchelewa peke yake, kisha kukupanga kwa kata anayoishi mtoto. Hapo ndipo wale wa njia moja wangejitokeza pamoja, na tatizo lingeonekana ni la barabara. Vivyo hivyo kwa mvua. Bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi ya kutoka Kimara hukatishwa, na asubuhi hiyo watoto wa upande ule hukosekana kwa mkupuo. Ukichuja kwa tarehe tu unaona siku mbaya. Ukiongeza makazi unaona Jangwani. Kwa shule kama Uhuru Mchanganyiko, inayojulikana kwa kupokea watoto wenye ulemavu wakiwemo wasioona, swali la nani alikwamishwa na usafiri ni zito maradufu.

Ongeza shule zenye zamu mbili, ambapo mtoto wa mchana akichujwa kwa rejesta ya asubuhi anaonekana hayupo mwaka mzima. Ongeza na Ijumaa, wavulana wa Kiislamu wanapoondoka kwenda kuswali, na rejesta ya mchana ikiitwa kabla hawajarudi darasa linabaki nusu.

Sasa viwango, yaani ule mstari unaomgawa mtoto kuwa mzuri au wa kufuatiliwa. Tanzania ina mistari miwili inayofanya kazi kweli. Mmoja ni wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, sehemu ya ruzuku ya kaya imefungamanishwa na mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo kwa mwezi, na walimu hujaza fomu kuthibitisha. Mwingine ni ule wa siku 90 za utoro mfululizo, ambao kwa kawaida ndio unaomhamishia mtoto kwenye safu ya mdondoko. Kati ya mistari hiyo kuna uwanja mpana ambao hauna mwenyewe.

Tazama hesabu. Asilimia 20 ya siku 194 ni karibu siku 39. Mtoto anayekosa siku nne kila mwezi wa siku 20 anapita kwa TASAF bila neno, na mwisho wa mwaka amepoteza zaidi ya wiki saba za masomo. Nchini Marekani, ambako mtafiti Robert Balfanz wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake waliisukuma hoja hii, mwanafunzi huhesabiwa kuwa na utoro sugu akikosa asilimia 10 ya mwaka, na haijalishi ana ruhusa au hana. Uingereza, kwa shule za England, hutumia asilimia 10 hiyo hiyo, na tangu Agosti 2024 shule zinalazimika kupeleka takwimu za mahudhurio serikalini kila siku. Kwa kalenda yetu asilimia 10 ni siku 19. Mtu anaweza kusema viwango hivyo ni vya nchi zenye basi la shule la njano, na atakuwa na hoja. Lakini hakuna anayelazimishwa kumwadhibu mzazi kwa asilimia 10. Ni mstari wa kuchuja tu, wa kuanza kuuliza, na tofauti ya kuuliza siku ya 19 na kuuliza siku ya 90 ni kubwa mno.

Kichujio cha siku mfululizo kina udhaifu mwingine ambao watoto wameugundua kabla ya wakubwa. Anayejitokeza siku moja kila baada ya wiki tatu anairudisha hesabu kwenye sifuri, na hatafika 90 kamwe. Na programu inayohesabu mfululizo kwa tarehe za kalenda, badala ya siku za masomo, inaona Ijumaa na Jumatatu kuwa siku mbili zisizohusiana, kwa kuwa katikati kuna Jumamosi na Jumapili. Mtoto anayepelekwa Mkuranga kila Ijumaa kusaidia shambani na kurudi Jumanne anapita katikati ya nyavu hizo za mfululizo. Kuuona mtindo wake kunahitaji kuchuja kwa siku ya wiki, kazi ambayo Excel ya kawaida inaiweza kwa safu moja ya ziada.

Shule binafsi za mjini zinazotumia programu za kununua zina raha zaidi, kwani ujumbe wa simu humfikia mzazi asubuhi ile ile. Zina pia kitendawili chao. Mtoto aliyerudishwa getini kwa deni la ada anaandikwaje? Akiandikwa mtoro, shule imemsingizia. Akiandikwa ana ruhusa, takwimu zinasema mzazi aliomba. Alama ya kweli ingekuwa "amerudishwa na shule", na ni wamiliki wachache wangependa kuona kichujio chenye jina hilo kwenye skrini ya mkaguzi.

Safu ya sababu, kwa ujumla, ndiyo yenye utajiri na hatari kuliko zote. Kwa miaka mingi takwimu za mdondoko zimepangwa kwa sababu: utoro, vifo, mimba, utovu wa nidhamu. Utoro huongoza kwa mbali sana, kiasi kwamba neno hilo halielezi kitu. Ni kapu la kila asiyeulizwa. Mimba ilikuwa ikimfungia msichana rekodi moja kwa moja, hadi Novemba 2021, waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kwa mtu wa kompyuta, agizo hilo lilimaanisha kwamba hali ya "amefutwa" haitoshi tena. Inahitajika hali ya "amesimama", yenye tarehe ya kusimama na nafasi ya tarehe ya kurudi, ili mtu aweze kuchuja waliosimama na kuwatafuta.

Ila nani aruhusiwe kuichuja safu hiyo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Wakati huo huo picha ya orodha ya watoro, majina matatu matatu na sababu pembeni, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi bila mtu kushtuka. Mwalimu wa darasa anahitaji kujua kwamba binti fulani ni mjamzito au anaumwa kifua kikuu. Mwalimu wa zamu anahitaji kujua tu kwamba leo hayupo. Programu nzuri hutofautisha hao wawili, na hilo huamuliwa na anayeandaa akaunti za watumiaji, ambaye shuleni kwa kawaida ni yule mwalimu kijana aliyeonekana anajua simu.

Kichujio ambacho kingemfaa mwalimu wa darasa si kigumu. Kila Jumatatu asubuhi kitoe majina yasiyozidi kumi: waliokosa siku tatu au zaidi katika siku kumi za masomo zilizopita, visanduku vitupu vikiwa vimetengwa, sikukuu zimeondolewa, waliohama wamefutwa, na pembeni namba ya simu ya mzazi. Majina kumi mtu anaweza kuyapigia simu wakati wa mapumziko ya chai. Majina 140 yanayotoka mwisho wa muhula hayapigiwi simu na yeyote. Yanaambatishwa kwenye taarifa.

Na bado kuna safu moja ambayo shule za katikati ya jiji zisipoijaza, orodha hiyo itaishia njiani. Kwa utaratibu, utoro ukiishinda shule unapelekwa kwa mtendaji wa kata, anayeweza kumwita mzazi. Mtendaji wa Kata ya Kariakoo akikabidhiwa orodha ya shule iliyo mtaani kwake, atakuta majina ya watoto wanaolala Chanika na Kivule, ambako angalau halmashauri ni ile ile ya Jiji, na wa Mbagala, ambayo ni Temeke, na wa Kimara, ambayo ni Ubungo. Wazazi hao hawamhusu na hawana sababu ya kuitika wito wake. Kata anayoishi mtoto, tofauti na kata iliyoko shule, inabidi iwe safu inayojitegemea, ijazwe siku ya kuandikishwa na kuhakikiwa kila Januari, kwa sababu nyumba za kupanga Dar es Salaam hazikai na mtu mmoja miaka saba.